Bomba la Maji Linapopiga Kelele

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalisikia kila siku bila kulitilia maanani, nalo ni kelele za mabomba ya maji. Kuna bomba linalogonga. Kuna linalopiga mluzi. Kuna linalokohoa kama mtu mwenye kifua. Pengine mtoto amewahi kushtuka usiku kwa mshindo wa bomba ukutani, nawe ukamwambia, "Lala mwanangu, ni maji tu."

Ni kweli, ni maji tu. Lakini kila kelele ina sababu yake. Nyingine inakuambia kwamba mfereji umechakaa. Nyingine inakuambia kwamba maji unayoyalipia yanapotelea ardhini. Na kuna moja inayokuambia kwamba maji yatakayofuata huenda yakamfanya mtoto wako aharishe. Hiyo ndiyo hasa tunayotaka uitambue leo.

MAJI YETU NA MILIMA YETU

Ewe mama wa Mraru, unajua jinsi tunavyopata maji upande huu wa Voi. Bomba kubwa lililojengwa miaka ya 1950 huchukua maji ya chemchemi ya Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, na kuyapeleka hadi Mombasa, mwendo wa kilomita 220 hivi. Mji wa Voi nao hunywa maji hayo. Wengine hutegemea chemchemi za milimani, wengine visima, na wengine miradi ya maji inayoendeshwa na kamati za kijiji.

Lakini maji hayatoki saa zote. Yanakuja kwa zamu. Wakati wa kiangazi hupungua zaidi, na mara nyingine tembo wenye kiu hufukua na kuvunja mabomba. Basi bomba la nyumbani kwako leo lina maji, kesho ni kavu, kesho kutwa maji yamerudi.

Tena, nchi yetu ni ya miinuko. Maji yakiteremka mlimani huongeza nguvu kadiri yanavyoshuka. Kwa hiyo aliye chini bondeni hupata maji yenye nguvu sana, na aliye juu mlimani hupata maji dhaifu, na ndiye wa kwanza kukaukiwa. Kumbuka hali hizi mbili, nguvu nyingi na bomba kavu. Karibu kelele zote tutakazozitaja zinatokana nazo.

KELELE YA KWANZA: MSHINDO UNAPOFUNGA MFEREJI

Unafunga mfereji kwa haraka, mara unasikia "gong!" ukutani au ardhini. Sababu yake ni hii. Maji yana uzito: lita moja ni kilo moja. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 20 hubeba kilo tatu na zaidi za maji, na yote yanakimbia kuelekea kwako. Ukiyafungia ghafla, hayana pa kwenda. Ni kama basi linaloteremka kwenda Voi, kisha dereva akafunga breki ghafla. Abiria wote huruka mbele. Maji nayo hujigonga kwa nguvu, na bomba lisiloshikiliwa vizuri hucheza na kugonga ukuta.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mnamo 1897 na 1898 mwanasayansi Nikolai Zhukovsky alilifanyia majaribio katika mabomba ya maji ya mji wa Moscow, nchini Urusi. Alionyesha kuwa kadiri maji yanavyokuwa na kasi kubwa wakati yanaposimamishwa ghafla, ndivyo pigo linavyozidi.

Usilidharau pigo hilo. Likirudiwa kila siku hulegeza maungio ya bomba. Ungio likilegea, maji hutoka nje, na siku bomba likiwa kavu, uchafu huingia ndani.

Dawa yake ya kwanza haina gharama: funga mfereji polepole, na wafundishe watoto kufanya hivyo. Pili, shikilia bomba linalocheza kwa vibano vya chuma au kwa kulifunga imara kwenye mti au ukuta. Tatu, ikiwa unakaa bondeni na maji yana nguvu sana, punguza kidogo koki kuu iliyo karibu na mita. Ikiwa mshindo unaendelea, mwite fundi akuwekee valvu ya kupunguza nguvu ya maji. Usianike nguo wala kutundika ndoo kwenye bomba, na watoto wasilipande.

KELELE YA PILI: KUUNGURUMA NA KUTETEMEKA

Hii husikika mfereji ukiwa wazi. Bomba linatetemeka na kuunguruma kama gari lililosimama injini ikiwaka. Fungua mfereji zaidi au upunguze. Kelele ikibadilika au ikikoma, kosa liko katika mfereji huohuo. Mara nyingi ni washa, yaani kile kipande cha mpira kilicho ndani, kimelegea au kimelika.

Funga koki kuu, fungua mfereji kwa spana, toa washa ya zamani, uende nayo dukani upate ya kipimo kilekile. Ni kitu cha bei ndogo.

Kama una tangi, mngurumo unaweza pia kutoka kwenye boya linalofunga maji tangi likijaa. Maji yakitia mawimbi, boya hupanda na kushuka, na koki yake hufunguka na kufunga mara nyingi kwa haraka. Fundi anaweza kuiimarisha au kuibadilisha.

KELELE YA TATU: MLUZI

Mluzi ni sauti ya maji yanayopita mahali pembamba. Labda koki haikufunguliwa yote. Labda chokaa imejijenga ndani ya bomba, kama ile unayoiona ndani ya sufuria ya kuchemshia maji. Penye maji ya chumvichumvi hutokea zaidi. Zungusha koki hadi mwisho. Mluzi ukibaki na maji yakitoka kidogo kuliko zamani, safisha au badilisha mfereji.

KELELE YA NNE: "SHHH" WAKATI MIFEREJI YOTE IMEFUNGWA

Hapa simama usikilize. Kama hakuna anayetumia maji na bado unasikia sauti ya maji yakipita, kuna mahali yanavuja. Fanya jaribio hili siku ambayo maji yanatoka. Funga mifereji yote, pamoja na koki ya kujazia tangi. Nenda kwenye mita uangalie kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka, maji yanapotea kati ya mita na nyumba yako. Au soma tarakimu usiku kabla ya kulala, uzisome tena alfajiri kabla mtu hajachota. Zikiwa zimeongezeka, una mvujo.

Tafuta mahali penye unyevu, palipoota majani mabichi wakati kwingine kumekauka, au panapopendwa na kuku na nyuki wakati wa jua kali. Hata tone dogo si dogo. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde unaweza kupoteza karibu mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku. Kinga tone hilo kwenye kikombe kwa saa moja, kisha zidisha mara 24, nawe utajionea.

Lakini hasara ya pesa si kubwa kama hasara ya pili. Tundu linalotoa maji leo ndilo litakaloingiza matope kesho. Tuone jinsi inavyokuwa.

KELELE YA TANO: KUFYONZA, KUKOHOA NA KUPIGA CHAFYA

Hii ndiyo kelele ya kumhofia mtoto. Ina nyakati mbili.

Wakati wa kwanza ni maji yanapokatika. Unafungua mfereji, maji hayatoki, ila unasikia "fsss", na ukiweka kiganja unahisi kinavutwa. Mfereji wako unafyonza hewa. Maji yaliyokuwamo bombani yanateremka kwenda kwa majirani wa chini, ambao bado wanachota, nayo yanavuta nyuma yake. Ni kama mtoto anayevuta soda kwa mrija.

Sasa fikiri, mama. Kama bomba linafyonza hewa mferejini, litafyonza nini pale lilipo na tundu ardhini? Litafyonza maji yaliyolizunguka. Kama limepita karibu na choo, karibu na boma la mbuzi, au katika mtaro wa maji machafu, hayo ndiyo yatakayoingia.

Kuna hatari nyingine iliyo mikononi mwetu. Wengi wetu tunafua kwa kutumia mpira wa maji. Tunautumbukiza ndani ya beseni la nepi, tunaacha maji yajae, tunakwenda kumwangalia mtoto. Mara maji yanakatika. Bomba linafyonza, na maji ya nepi yanapanda kwenye mpira na kuingia bombani. Maji yakirudi, uchafu ule hutokea kwenye mfereji wako, au kwa jirani anayemkorogea mtoto wake uji. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni mpira tu uliosahauliwa ndani ya beseni.

Wakati wa pili ni maji yanaporudi. Mfereji unakohoa, unapiga chafya, unatema maji na hewa kwa vishindo. Maji mapya yanasukuma hewa iliyojaa bombani. Yanapokuja kwa kasi hubeba kutu, matope na vijidudu vilivyoingia wakati bomba lilipokuwa kavu. Ndiyo maana mara nyingi maji ya kwanza huwa mekundu au yana harufu. Lakini hata yakiwa meupe kabisa yanaweza kuwa na vijidudu, kwa kuwa vijidudu havionekani kwa macho.

Na ile sauti ndogo ya "ta, ta, ta" katika bomba lililo juani je? Hiyo isikutie hofu. Bomba hutanuka kwa joto mchana na kunywea jioni, kama mabati ya nyumba.

UFANYE NINI UKISIKIA BOMBA LINAKOHOA?

Kwanza, usinywe wala usipikie maji ya kwanza. Fungua mfereji kidogo tu, hewa itoke taratibu. Kinga maji hayo katika ndoo ya pembeni. Ni ya kusafishia choo, kupigia deki ya nje au kumwagilia miti. Hivyo hupotezi kitu. Yakisha kuwa safi bila harufu, ndipo ujaze mitungi ya nyumbani. Kama una tangi, fungulia maji ya kwanza nje kabla hujaruhusu yaingie tangini.

Pili, maji ya kunywa yatibu kila siku, si siku ya matope tu. Yakiwa na tope, yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha uyachemshe hadi yatokote vizuri. Au tumia dawa ya klorini, kama ile iuzwayo Kenya kwa jina la WaterGuard. Soma maelezo ya chupani kuhusu kipimo, uchanganye, usubiri dakika 30 kabla ya kunywa.

Tatu, yahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko, hasa chenye mdomo mwembamba au chenye koki. Usichovye kikombe ndani. Maji yaliyochemshwa yakiguswa na mkono mchafu yamerudi kuwa machafu.

Nne, mpira wa maji usiguse maji ya beseni, karai, ndoo wala birika la mifugo. Ushike juu, kiasi cha kiganja kizima kutoka usawa wa maji. Ukimaliza, utoe na uutundike. Na kila maji yanapokatika, funga mifereji yote. Hivyo bomba halitafyonza hewa na uchafu kupitia kwako, wala maji yakirudi usiku hayatamwagika bure.

Tano, rekebisha mvujo mapema. Ukiwa baada ya mita, yaani upande wa nyumba yako, mwite fundi. Ukiwa njiani kabla ya mita, toa taarifa kwa kampuni ya maji au kwa kamati ya mradi wenu. Usiuzibe kwa mfuko wa plastiki na mpira wa ndani wa baiskeli ukafikiri umemaliza. Kiraka kama hicho huweza kuzuia maji yasitoke, lakini kisizuie uchafu usiingie.

MTOTO AKIANZA KUHARISHA

Mama, hata tukijitahidi, mtoto anaweza kuharisha. Kinachoua haraka ni kuishiwa na maji mwilini. Kwa hiyo anza kumpa ORS mara moja. Soma pakiti, maana nyingine ni za nusu lita na nyingine ni za lita moja. Tumia maji yaliyotibiwa. Mpe kidogokidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika 10, kisha uendelee polepole. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mwone mhudumu wa afya akupe pia vidonge vya zinki, umpe mtoto kila siku kwa siku 10 hadi 14 kama utakavyoelekezwa, hata kama ameacha kuharisha.

Mpeleke hospitali upesi ukiona macho yamebonyea, amelegea au hazinduki vizuri, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana homa kali, choo kina damu, au choo ni majimaji mengi kama maji ya mchele. Usisubiri kesho.

Na mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji ya kunywa kabisa, hata wakati wa jua kali la Voi. Maziwa yako yana maji yote anayohitaji, na hayapiti kwenye bomba lolote.

TUFANYE PAMOJA

Utasema, "Mimi nitafunga mifereji na kutundika mpira, lakini jirani je?" Swali zuri. Bomba letu ni moja. Uchafu unaoingia kwa mmoja hutokea kwa mwingine. Hii si kazi ya nyumba moja.

Akina mama wa Mraru si wageni wa kufanya kazi pamoja. Miaka ya 1970 walikuwa wakipata shida ya usafiri wa kwenda Voi sokoni. Wakaunda kikundi, wakachanga shilingi kwa shilingi, na mwaka 1975 wakapata basi lao wenyewe. Habari zao ziliandikwa na kusomwa na wanawake wa nchi nyingine. Ikiwa akina mama waliweza kununua basi, sisi hatushindwi kutembea kando ya bomba letu mara moja kwa mwezi, tukitazama penye unyevu, tukisikiliza penye sauti, na kupeleka taarifa kwa pamoja. Ofisi inayomsikia mama mmoja nusu nusu huwasikia akina mama 20 vizuri.

KUMBUKA

- Mshindo unapofunga: funga polepole, kaza bomba.
- Mngurumo mfereji ukiwa wazi: angalia washa au boya la tangi.
- Mluzi: maji yanapita mahali pembamba.
- "Shhh" mifereji ikiwa imefungwa: kuna mvujo, soma mita.
- Kufyonza na kukohoa: bomba lilikuwa kavu. Maji ya kwanza si ya mtoto.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Nyumbani kwako unasikia kelele gani kati ya hizi tano, na husikika wakati gani?
2. Bomba letu linapita karibu na choo, boma au mtaro gani?
3. Ni nani kati yetu atakayepeleka taarifa ya mvujo, na lini?

Leo jioni, kabla ya kulala, funga mifereji yote, nyamaza kidogo, usikilize. Hadi kipindi kijacho, uwe na afya njema wewe na watoto wako. Kwaheri.